Maadili Matano ya Idara ya Maji

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu alikaa ofisa wa idara ya maji, kadi ya semina ikiwa bado inaning'inia shingoni. Pembeni yake alikuwa mkunga aliyetoka zamu. Hawakujuana, lakini ofisa alikuwa amejaa maneno. “Siku tatu tumejifungia hotelini, dada yangu, tukitafuta kusudi letu. Tumetoka na maadili matano. La kwanza ni kumsikiliza mwananchi.”

“Hongera, kaka. Basi nisikilize. Wodi yetu ya wazazi haina maji, hii wiki ya pili. Leo nimezalisha, nikanawa mikono kwa maji ya chupa ya bibi wa mtoto.”

Ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. “Tatizo lolote, sisi tunaanza kwa kujiuliza: kwa nini tupo?”

“Mpo ili maji yatoke.”

Nadhani kwa siku zote tatu hakuna aliyelijibu swali hilo kwa maneno manne.

“Si rahisi hivyo, dada,” alisema ofisa, akainuka, maana treni ilikuwa inasimama karibu na ofisi yao.

Tiketi ya mkunga ilikuwa ya mwisho wa reli, lakini alichukua mkoba wake, akashuka nyuma ya ofisa.