Wilaya Nzima Nyekundu

Kitendawili: wilaya nzima imelala kiganjani, ni nini? Jibu nililiona ndani ya basi, wajukuu zangu, kwenye simu ya mpima ardhi aliyeketi mbele yangu. Jirani yake wa kiti, fundi cherehani, alikuwa akilia. Ramani ya mafuriko ilionyesha wilaya ya kwao yote nyekundu, na mama yake alikuwa hapatikani kwenye simu tangu siku iliyotangulia.

"Dada, futa machozi," mpima akamwambia. "Imezama kata moja tu, waliochora ramani wakapaka rangi wilaya nzima. Mama anakaa wapi?"

"Upande wa juu, ukishapita kiwanda cha matofali."

Mpima akaikuza ramani kwa vidole viwili, nami nikarefusha shingo bila aibu. "Ona mistari hii ya mwinuko ilivyobanana. Hicho ni kilima. Maji hayapandi kilima."

"Basi mbona hapatikani?"

"Mnara wa simu huu hapa, bondeni. Umezama mnara, hajazama mama."

"Una uhakika gani wewe, na kwetu hujawahi hata kukanyaga?"

"Nikikosea, ni kwa mita chache, si kwa kilima kizima."

Basi likasimama kwenye njia panda ya kwenda kwao. Fundi akajifuta uso, akabeba mkoba wake.

"Hizo mita chache, kaka," akasema akishuka, "naenda kuzipima mwenyewe kwa miguu."