Mlango Hufunguliwa Sokoni

Katika teksi ya Probox ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, Ekaale alikuwa amepakata mkanda mpya wa injini ya lori lake la friji la kubebea samaki, lililokwama gereji huko Kakuma. Josiane, mama Mkongomani muuza samaki sokoni Kakuma aliyeketi kando yake, akamtambua.

“Kumbe ni wewe, dereva wa roho mbaya! Nilikupungia mkono nje ya mji niwahi samaki kabla ya wenzangu, ukakataa kusimama unifungulie.”

“Mama, kwa jua hili nikifungua njiani, sokoni nitafikisha uvundo.”

“Ukanipita hata salamu hakuna! Lakini samaki wako wanafika wabichi. Zamani miye niliuza wakavu tu, sasa wateja wananitangulia mezani pangu.”

Ekaale akageukia dirisha, asionekane akitabasamu.

Gari liliposimama Kakuma, Josiane aliupapasa ule mkanda. “Ufunge vizuri. Keshokutwa nalala katikati ya barabara, tuone kama utanipita tena.”

“Lala, mama. Nitasimama, nitakusalimia. Mlango nitafungua sokoni.”