Mkaguzi wa Mwisho wa Kipanga 1600

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshona nguo. Anayesoma wasifu huu ni binti yake wa kwanza, na anaomba radhi mapema, kwa sababu sehemu yake moja inamwia vigumu kuitamka.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha chuo cha ufundi, akamaliza mwaka 1971 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa swahiba wake aliyekaa naye dawati moja. Walikuwa chanda na pete.

Mwaka 1972 wote wawili waliajiriwa na kiwanda cha magari ya Kipanga, kilichokuwa kimeanza miaka mitatu nyuma kwa kuunda vigari vya mizigo. Tarehe 1 Agosti 1974 likatoka Kipanga 1600, gari la kadiri, si kubwa wala dogo, lenye nafasi ya watu watano na buti la kumeza kitanda cha mtoto kizima kizima. Walimu, wauguzi na makarani walilipenda mno. Swahiba alikuwa fundi wa kukaza bolti za usukani. Marehemu alikuwa mkaguzi wa mwisho. Kila gari aliliendesha kilomita mbili, redio imezimwa, akisikiliza, kisha akachora alama ya vema kwa chaki ya njano kwenye kioo cha mbele. Gari lisilo na chaki halikutoka getini.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1978. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, alianza kugongagonga milango ya gari la baba mkwe kabla hajasalimia. Mzee akauliza, "Huyu kaja kuoa au kaja kukagua?" Mjane wake bado anacheka akisimulia. Walijaaliwa watoto watatu.

Sasa tumefika pale pagumu. Mei 1986 kiwanda kilikuwa kimechelewesha oda kubwa, na mvua haikukatika. Asubuhi moja fundi alimwambia marehemu, "Bwana wee, leo yaendeshe yote. Hii spana yangu siiamini."

"Ondoa shaka," marehemu akajibu. Halafu akachora chaki kwenye magari kumi na tisa bila kuwasha hata moja. Wiki tatu baadaye usukani wa mojawapo ulifunguka kwenye kona, na muuguzi aliyekuwa akiliendesha hakutembea tena bila magongo. Kwenye uchunguzi, marehemu alisema aliyaendesha yote. Alisema pia kwamba hakuonywa. Fundi akafukuzwa kazi, na watoto wa mtaa wetu wakambandika jina la Nati Legevu. Binti anayesoma hapa alikuwa mmoja wao, tena mwenye sauti kubwa.

Watu wakaliogopa gari. Kipanga 1600 la mwisho lilitoka tarehe 14 Oktoba 1988. Mwaka uliofuata chapa yenyewe ikafa, nembo ikang'olewa getini. Marehemu aliwaambia wanawe kwamba magari ya nje ndiyo yaliyoiua, nao wakaamini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Februari mwaka huu, wodini, alimweleza binti yake kila kitu, uso ameugeuzia ukutani.

"Mbona hukumwambia fundi mwenyewe, baba? Si anakaa mtaa wa pili tu?"

"Nilifika mlangoni kwake mara tatu, mwanangu. Nikarudi. Niseme nini? Iandike habari hii uisome wewe, siku watu wote wapo."

Binti alimkasirikia. Hata leo, mbele ya jeneza, hasira haijamtoka, na aibu ndiyo imezidi. Marehemu alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Juzi binti alimpelekea fundi karatasi hii. Alimwamkia, akapiga magoti, akasema, "Mzee wangu, sijui niuweke wapi uso wangu." Mzee aliisoma polepole mpaka mwisho, akavua miwani.

"Isome, mwanangu. Ila usiisome kwa kunong'ona. Mimi walinifukuza kwa kipaza sauti."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na rafiki mmoja, fundi hodari, aliyeketi safu ya mbele kwa ombi la familia. Fundi alionya, na marehemu alisikia. Mungu amsamehe baba yetu, ampumzishe kwa amani.