Kuwabara Tokuji na Kosa Ambalo Halikuwa Lake

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na saba ya kutengeneza tovuti hapa Studio Kazahaya, Bwana Kuwabara Tokuji atavua ndara zake za ofisini kwa mara ya mwisho. Ndara hizo jamani! Ukizisikia tu, ujue anakuja na karatasi mkononi, maana kila ukurasa aliuchapisha, akausoma kwa sauti huku akizunguka meza zetu. Akikwama mahali, unaandika upya.

Alianza kwa kupanga matangazo ya magazeti. Wateja walipodai tovuti zenye theluji inayodondoka na muziki unaojipiga wenyewe, aliwauliza, "Mtu anayetafuta namba ya simu, theluji ataifanyia nini?" Walinuna, wakaondoka, wakarudi. Tovuti zake zilipata wageni, na wageni walikaa.

Nikiishia hapo nitakuwa sijamweleza alivyo. Kuna jambo la miaka kumi na minne iliyopita ambalo nimelinyamazia vya kutosha.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nilikabidhiwa tovuti ya nyumba ya wageni ya Bi Inaba Hatsue, kule kwenye chemchemi za moto. Nikajitia ujanja: chini ya ukurasa nikajaza majina ya miji yote ya chemchemi mkoani, herufi nyeupe juu ya nyeupe, mtambo wa kutafutia mtandaoni uyaone na watu wasiyaone. Wiki mbili, wageni wa tovuti waliongezeka mara tatu. Wiki ya tatu mtambo ukatushtukia, na nyumba ya Bi Inaba ikafutika kabisa kwenye matokeo. Tena Oktoba, msimu ambao watu husafiri kutazama majani yakigeuka mekundu, unaomlisha mwaka mzima!

Bwana Kuwabara alinunua boksi la keki za maharagwe, zawadi ya kuombea radhi, akavaa suti nyeusi, akaniambia, "Twende. Wewe usifungue mdomo." Kule akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Kosa ni langu," alisema.

"Vyumba kumi na kimoja, mgeni hata mmoja," Bi Inaba alijibu. "Msimu ukipita hivi, Mzee Kuwabara, mimi nafunga."

Bwana Kuwabara aliomba kukaa kando ya simu ya nyumba ile siku tatu, akaandika kila walichouliza wateja wachache waliopiga. Kuna kiti kwa mama asiyeweza kukaa chini? Basi linasubiri treni ya saa tisa? Mtoto asiyekula samaki atapikiwa nini? Tulifuta herufi zangu, tukaweka maswali hayo na majibu yake kama yalivyoulizwa, kisha tukaomba turudishwe kwenye matokeo. Katikati ya Novemba nyumba ikaonekana tena. Wikiendi ya mwisho ya majani, vyumba tisa vilijaa.

Ofisini hakunitaja hata siku moja. Ndiyo maana bado nina kazi.

Juzi nilimpigia Bi Inaba kumwalika kwenye hafla hii ya kumuaga Bwana Kuwabara, nikaungama. Alicheka sana. "Mwanangu, nilijua siku ile ile," alisema. "Aliyeinama ni yeye, lakini aliyekuwa analia ni wewe."

Bwana Kuwabara, asante. Nenda ukaoge maji ya moto mpaka vidole vikunjamane, uwe na afya na siku ndefu za raha. Bi Inaba amekuwekea chumba. Ndara ziache hapo hapo mlangoni. Nitazivaa mimi.

Tatebe Shiori