Radhi Aliyoisubiri Fundi Husseni wa Kerege

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Mlioko jikoni, mlioko shambani, na wewe uliyeko kwenye usukani, karibuni. Wewe wa kwenye usukani punguza mwendo kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu wa magari. Tunamkumbuka Fundi Husseni Bilali wa Kerege. Amefariki Ramadhani hii iliyopita, katika kumi la mwisho, akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Fundi Husseni Bilali, wa Kerege, barabara ya Bagamoyo.

Kama umewahi kupita Kerege na gari inayolia, basi unamjua. Gereji yake ilikuwa banda la mabati, chini mchanga mtupu, nyuma yake nyumba aliyoishi na mkewe, Bi Ashura. Magari yalikuja na maradhi ya kila aina, lakini Husseni alisifika kwa moja. Mkanda. Ule mkanda mrefu wa mbele ya injini, unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Njiani mkanda ule hupita kwenye puli ndogo ambazo zenyewe haziendeshi kitu. Kazi yake ni kuuongoza tu, usilegee. Ndani ya kila puli mna beringi, zile gololi za kuizungushia. Beringi ikifa, mkanda hukatika, na gari haina safari tena. Mwenyewe Husseni alikuwa akisema, "Watu wanaiheshimu injini. Puli hakuna anayeiamkia."

Alizikagua hivi. Kwanza injini ikinguruma, aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu karibu na puli, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha akazima gari, akavua mkanda, akaizungusha kila puli kwa kidole. Puli nzima huzunguka kimya na kutulia mapema. Ikikwaruza, imekwisha. Ikizunguka muda mrefu kama pia ya mtoto, usifurahi, grisi imekauka, nayo imekwisha.

Halafu ndipo mlipokuwa mkigombana naye. Alikuwa hafungi boneti wala harudishi ufunguo mpaka mwenye gari aizungushe ile puli kwa mkono wake. "Zungusha mwenyewe, usikie," basi. Uwe mzee, uwe bwana harusi, utazungusha. Bintiye, Adila, anakumbuka: "Baba aliweka ndoo ya maji na sabuni kwa ajili ya vidole vya wateja. Wengine walinuna, lakini walinawa." Hata mtangazaji wenu aliizungusha, Ijumaa, na kanzu nyeupe. Nilikasirika sana siku ile. Leo natamani aniambie tena, zungusha.

Watu walidhani ni mbwembwe za fundi. Hazikuwa mbwembwe. Tuelezane chanzo chake.

Miaka minane na ushei iliyopita, asubuhi, ilifika Kerege gari kutoka Mapinga. Ndani yake alikuwamo Bi Batuli, na mumewe, Ishaka, ndiye dereva. Walikuwa wakienda Saadani. Mama yake Batuli amefariki alfajiri, na maziko ni baada ya laasiri. Na mama alikuwa ameacha wasia. Alisema, nikifa, anioshe Batuli. Sikilizeni vizuri hapo, wapendwa. Mama aliusia aoshwe na mwanawe Batuli.

Gari ilikuwa ikilia. Husseni akaweka bisibisi sikioni, akajua papo hapo. Puli ya chini, beringi imekufa. Dawa yake ni kubadilisha, na puli mpya ifuatwe mjini, nyuma walikotoka. Kazi ya saa mbili, labda zaidi. Akafungua kinywa aseme hivyo. Batuli akamwahi, "Fundi, mama yangu yuko kitandani ananingoja. Nifanyie chochote, nifike."

Husseni alimtazama mwanamke yule, akamwonea huruma. Na huruma ile ndiyo iliyomponza. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi ya Bi Ashura, akaimiminia puli. Msinicheke. Pwani yetu hii, nazi tumeifanya dawa ya kila kitu. Mtoto akikohoa, mafuta ya nazi. Bawaba ikilia, mafuta ya nazi. Na kweli, puli ikanyamaza. Gari ikawa kimya kabisa. Husseni akasema, "Itawafikisha, inshallah." Moyoni alijua amenyamazisha kelele tu, ugonjwa uko pale pale. Alijua, na aliwaacha waende.

Walivuka Bagamoyo. Walipita Makurunge. Mbele kule, porini, beringi ikasagika, mkanda ukachanika vipande vipande, injini ikachemka. Ishaka alisimama njiani akipunga mkono, na njia yenyewe ile haina magari. Waliingia Saadani jua likizama. Mama ameshaoshwa na watu wengine. Ameshazikwa. Batuli alifikia kaburi bichi.

Husseni alipopata habari, hakula siku ile. Bi Ashura anasema, "Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanambia, Ashura, nimemdhulumu mtu kitu ambacho siwezi kumlipa." Kuanzia wiki hiyo hakunyamazisha tena gari ya mtu. Na kuanzia wiki hiyo alitaka kila mwenye gari aguse puli yake, ajue ukweli kwa kidole chake mwenyewe.

Tena kila Idd el-Fitri, akishaswali, alivaa koti lake juu ya kanzu, akaenda Mapinga na mfuko wa sukari. Batuli alimpokea kwa adabu. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, dada." Akawekewa tambi na chai barazani. Kisha Husseni husema, "Dada Batuli, nimekuja na lile ombi langu. Naomba radhi." Na Batuli humjibu, "Kunywa chai, fundi, inapoa." Basi. Idd nane, sukari mifuko minane, na jibu ni hilo hilo. Kila akirudi Bi Ashura humuuliza, amesemaje? Naye hujibu, "Chai ilikuwa nzuri."

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, Husseni alikuwa mgonjwa wa moyo. Gereji alikuwa ameshawaachia mafundi wenzake. Akiwa amelala ndani, akasikia gari inaingia inalia. Akainuka, akavaa kandambili, akatoka. Bi Ashura alimgombeza mpaka mlangoni, lakini hakumrudisha. Kwenye usukani alikuwa Batuli, peke yake. Bintiye Najma alikuwa hospitali Bagamoyo, kashikwa na uchungu wa uzazi.

"Fundi, mwanangu yumo katika uchungu. Itanifikisha?"

Husseni hata bisibisi hakuhitaji. Akasema, "Haitakufikisha, dada. Leo nakwambia ngoja. Puli ninayo, nimeweka akiba. Nusu saa."

Batuli akamtazama. Kisha akakaa kwenye benchi, akangoja. Husseni akavua mkanda, akafungua boliti, akatoa puli mbovu, akafunga mpya. Akakagua na ya pili. Kabla ya kurudisha mkanda akasema, "Zungusha, dada." Batuli akaweka kidole, puli ikazunguka kimya, ikatulia. Akanawa kwenye ndoo. Akasema, "Ahsante, fundi," akaondoka. Aliwahi. Mjukuu wake alizaliwa adhuhuri, na aliyempokea mikononi ni bibi yake.

Ile ndiyo kazi ya mwisho ya Fundi Husseni Bilali. Siku tisa kabla ya Idd akafariki, na tukamzika Kerege.

Siku ya Idd, Batuli alikuja Kerege. Bi Ashura yumo edani, hatoki nje, kwa hiyo Batuli aliingia chumbani, akakaa naye mkekani. Akamwambia, "Dada, radhi yake ninayo tangu siku ile aliponiambia ngoja. Nilitaka kumwambia pale pale, kinywa kikawa kizito. Nikasema, na aje Idd, nimpikie, nimwambie kwangu. Sikujua. Naomba unipokelee."

Bi Ashura alimshika mikono. Wakalia wote wawili. Kisha akamjibu, "Nimeipokea, mdogo wangu. Lakini mwenyewe si mimi."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Bi Ashura, Adila, na ukoo wote wa Bilali, hapo Kerege na kwingineko. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Husseni, amsamehe, na amlaze mahali pema. Tunampa pole na Bi Batuli, ambaye ndiye aliyetuomba tulisimulie hili hewani, na jina lake tulitaje.

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini nayaacha. Kama kuna mtu anangoja neno lako, sisi tutakuwapo hapa hapa kwenye masafa. Zima redio, umpigie.