Orrin Haugdahl na Chumba Alichoombwa

Orrin Haugdahl, ambaye sisi wapwa wake tulimwita Mjomba tu kwa kuwa hatukuwa na mwingine, alizaliwa tarehe 3 Machi 1911 katika shamba la ngano karibu na Fergus Falls, Minnesota. Walilala watu tisa katika vyumba viwili vyenye giza, naye akaapa kwamba akikua atajenga nyumba zenye mwanga.

Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1934, wakati hapakuwa na mtu wa kujenga hata banda la kuku. Baada ya vita mambo yakamnyookea. Alisanifu shule, maktaba, na kanisa hili mlimokaa. Ndiyo, paa linavuja. Mchungaji alipolalamika, alimjibu, "Mvua nayo ni ya Mungu, Mchungaji. Sogezeni benchi."

Mwaka 1950 alimwoa Ardis Lindvall, mwalimu wa muziki, akamjengea nyumba ya vioo kando ya ziwa: chumba kimoja kikubwa, bila ukuta wala mlango ndani, hata bafu lilikuwa na pazia tu. Magazeti yaliisifu mno. Mwaka 1957 mtoto wao Karin alifariki akiwa na wiki moja, na Ardis akaomba chumba.

"Orrin, mtu akitaka kulia aende wapi?"

"Lia hapahapa, mke wangu. Nani kakukataza?"

"Sitaki kutazamwa, jamani!"

Alikataa miaka saba. Kwa mama yetu alikiri, "Nikimpa mlango ataufunga. Nami nitabaki huku nje na nani?" Mwaka 1964 Ardis alihamia kwa dada yake, mjini Duluth.

Mwaka 1970 Mjomba alikijenga chumba kile kwa mikono yake, akapiga simu. "Ardis, mlango upo."

"Ungenipa nilipokuwa ndani, Orrin," alijibu, akakata.

Hawakupeana talaka, wala hawakuonana tena. Kila Krismasi Mjomba alikula kwetu, kisha akaondoka mapema, eti anasubiri simu. Tulijua hakuna simu, na ilituuma.

Alipata kiharusi Agosti 1983, akafariki hospitalini tarehe 9 Oktoba, sisi tukiwa bado barabarani.

Ameacha wapwa watatu na mjane wake, Ardis, aliyefika jana kwenye ile nyumba ya vioo. Hakuuliza kitu. Alipita katikati yetu, akaingia chumba kile, akafunga mlango. Tulimsikia akilia mpaka kahawa ikapoa mezani, na hakuna aliyebisha hodi.

Apumzike kwa amani Mjomba wetu. Chumba kimepata mwenyewe.