Siku ya Upepo, Weka Nzito

Kwenye gari la kutoka Kitale, jirani yangu Mzee Wangila, aliyefundisha askari jela kulenga shabaha hadi akastaafu, aliketi kando ya askari jela mmoja wa kike asiyemjua. "Tumeshindwa mashindano ya shabaha," dada akasema, "na mimi nimengoja kuingia hiyo timu miaka minne. Mazoezi tulitumia risasi nyepesi. Leo upepo umeanza, tukaweka nzito, zote zikapiga chini."

"Na darubini ya bunduki mlirekebisha?"

"Hapana, mzee."

"Ukibadilisha risasi unarekebisha darubini. Mjinga gani aliwafundisha?" Aliuliza kwa sauti, gari zima lipate somo.

"Si kuna karatasi kwa ukuta wa stoo. Siku ya upepo, weka nzito. Basi. Iliandikwa na mwalimu wa kitambo, ati Wangila."

Mzee alishuka Kiminini, karibu tu na Kitale. Tiketi yake ilikuwa ya Bungoma.